Namna ya kutazama kichekesho cha runinga ukaijua jamii iliyokizaa

Babangu alinunua Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, wakati nyumba yetu ya Kisauni, Mombasa, haijaingia umeme. Tuliiwasha kwa betri ya gari, na betri ikapelekwa kuchajiwa kwa mkokoteni kila baada ya siku chache. Ikikaribia kuisha, picha ilijikunja kutoka pembeni kwenda katikati, hata Mzee Ojwang' akabaki mwembamba kama mwiko. Siku ya Vitimbi, kichekesho cha KBC alichoigiza mzee huyo, hatukuigusa mchana kutwa, tuliitunza kama dawa. Majirani walikuja na mikeka yao. Mimi nilikaa chini, karibu kabisa na kioo, lakini nilikuwa mdogo na utani mwingi ulinipita juu ya kichwa. Basi nikajizoeza kugeuka nyuma kuzitazama nyuso za watu wazima. Nikamjua anayecheka akifunika mdomo kwa leso. Babangu alicheka kwa pua tu. Mjomba wangu alicheka mpaka akampiga jirani yake goti.

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 22 sasa, na mtindo ule wa kugeuka nyuma ndio ninaoutumia hadi leo. Kila mwaka nawapa wanafunzi kazi moja: chukua kichekesho kimoja cha runinga, uniambie jamii iliyokitunga inathamini nini. Na kila mwaka nusu ya darasa huniletea mafunzo: tusiwe waongo, tusiwe wavivu, tuwaheshimu wazazi. Naweka alama nyekundu. Funzo ni lile ambalo mtunzi anataka uondoke nalo. Tunu ni kile ambacho kikikosekana kichwani mwako, hutacheka. Mtunzi mwenyewe huenda hajui kama amekiweka, maana kwake ni kama hewa.

Kwa hiyo hapa nimeandika vile ninavyowaelekeza wao, pamoja na mambo ambayo darasani huwa siyasemi.

Chagua kimoja ukae nacho

Usianze na vile vipande vya dakika moja vya kwenye simu. Vinachekesha, sikatai, lakini mtu anaanguka, unacheka, kimekwisha, hakuna anayelipa gharama ya kuanguka kule. Chagua kichekesho cha mfululizo, chenye nyumba moja, watu walewale, kilichoendelea miaka kadhaa. Ndani ya nusu saa kila kitu kinaharibika, na wiki inayofuata watu wote wako palepale walipokuwa. Hapo palepale wanaporudi ndipo jamii inapopaona kuwa nyumbani. Tazama vipindi vitatu kwa uchache.

Cha kwanza kitazame na watu. Sebuleni, saluni, kwenye benchi la hospitali, popote pale palipo na runinga ukutani na watu wasiochaguana. Chora daftari lako nguzo tatu: nani kacheka, kacheka lini, nani hakucheka. Nguzo ya tatu itakuwa na maandishi machache, na ndiyo yenye thamani kubwa. Cha pili kitazame peke yako. Cha tatu kitazame umezima sauti, utaona nani anakaa kwenye kiti, nani anasimama, nani anabeba sinia, nani anaongea akiwa ameinama. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona aibu, kwa kuwa niliitambua nyumba yetu.

Tafuta kinachofichwa

Hii ndiyo hatua kubwa, na kama huna muda wa zote fanya hii tu. Karibu kila kichekesho cha nyumbani kina mtu anayeficha kitu. Usihangaike na uongo wake. Uliza mambo mawili: anamficha nani, na akigunduliwa atapoteza nini.

Papa Shirandula wa Citizen TV ndiye mfano wangu wa kila mwaka. Aliigizwa na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, na siku ile sidhani kama kulikuwa na nyumba Kenya ambayo haikumtaja. Papa ni bawabu. Mkewe, Wilbroda, hajui. Nyumbani anaondoka akiwa bwana mkubwa wa ofisini, kazini anavaa sare na kusimama getini. Ukiuondoa uongo huo hakuna kipindi, gari halina injini.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uholanzi, binti mpole, alikuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii. Siku moja wakati wa chai tulikuwa tukikumbushana kipindi cha jana usiku, tunacheka, naye akauliza kwa upole kabisa: "Kwa nini asimwambie tu mke wake?"

Chumba cha walimu kilinyamaza. Hakuna aliyewahi kujiuliza. Kisha kila mmoja akaanza kumweleza kwa wakati mmoja. Mmoja akasema ni kwa sababu ya wakwe, mahari ilitolewa kwa jina la mtu wa Nairobi mwenye kazi. Mwingine akasema kuna watoto wa ndugu wanaosoma kwa mgongo wa jina hilo, na kuna michango ya harambee, na kadi za harusi zinazoletwa kwake kwanza. Mwalimu wa hesabu, ambaye babake alikuwa bawabu maisha yake yote na hajawahi kulificha, akasema kitu nilichokiandika pale pale nyuma ya kitabu cha mahudhurio: "Kuwa bawabu si aibu. Aibu ni kuwa bawabu baada ya ukoo mzima kuambiwa ni meneja." Kengele ikalia tukiwa hatujamaliza kueleza. Binti wa watu akasema ameelewa. Sidhani.

Yale yote tuliyolazimika kumweleza ndiyo tunu. Hiyo ni mbinu unayoweza kuitumia hata kama huna Mholanzi: chukua mzaha mmoja, jifanye unamweleza mtu wa mbali asiyejua chochote, na uandike kila sentensi unayolazimika kuisema kabla hajacheka. Kwa Shirandula utapata kwamba baba ni mwamvuli, na mwamvuli haupimwi kwa upendo wala kwa uaminifu, unapimwa kwa upana wake. Papa hamwogopi Wilbroda kwa sababu atamwacha. Anaogopa kupungua upana mbele yake na mbele ya watu wa kwao.

Mjomba wangu, yule wa kumpiga jirani goti, alikuwa akitoka nyumbani kila siku na shati jeupe na mkoba wa ngozi. Ofisi ya bandarini, tuliambiwa. Kipindi cha Papa Shirandula kilipoanza alikuwa keshazeeka, anakuja kutazama kwetu. Hakucheka hata siku moja. Katikati ya kipindi aliinuka akasema anakwenda kuangalia kama maji yamerudi mferejini. Maji ya Kisauni tunayajua, hayarudi usiku huo. Alipofariki tuliufungua ule mkoba: sare ya kahawia iliyopigwa pasi, tochi, na filimbi. Godauni, si ofisi. Shangazi aliifunga tena zipu, akasema haya, mambo mengine.

Ndiyo maana naisisitiza nguzo ya tatu.

Ili kupima kama umekipata kweli, linganisha na kichekesho cha nchi nyingine chenye mficho unaofanana. Waingereza wana Keeping Up Appearances, cha BBC, cha kuanzia 1990 hadi 1995. Mama mmoja, Hyacinth, jina la mumewe ni Bucket, yaani ndoo, naye anang'ang'ania litamkwe kama neno la Kifaransa la shada la maua. Anachokificha ni jamaa zake: dada zake na shemeji yake Onslow, anayeshinda na fulana akinywa bia mbele ya runinga. Ukimtazama haraka utasema ni Shirandula aliyevaa kofia ya maua. Lakini uliza maswali yale mawili. Papa anawaficha watu wa nyumbani ukweli wa nje. Hyacinth anawaficha watu wa nje ukweli wa nyumbani. Papa ana hofu ya kutoweza kuwabeba ndugu, Hyacinth ana hofu ya kuonekana ana ndugu. Na pesa si hoja yake sana, kwake ni matamshi, vikombe, na nani alizaliwa wapi. Jirani yake akialikwa kahawa mkono unamtetemeka mpaka kikombe kinamwagika, kwa kuogopa tu kukivunja. Kwetu kikombe kikivunjika mwenye nyumba huwahi kusema "kimeondoka na shari," na mgeni anaongezewa chai.

Simama mlangoni

Baada ya kinachofichwa, angalia mlango. Nani anabisha hodi, nani habishi, anakaribishwaje, anakalishwa wapi, anapewa nini.

Hili nilifundishwa na mamangu bila yeye kujua. Nilimwekea Seinfeld, kichekesho cha Marekani cha miaka ya 90, nikawa namtafsiria. Yule jirani Kramer akausukuma mlango akaingia kwa kishindo, akaenda moja kwa moja kwenye friji ya mwenziwe. Watu waliorekodiwa wakacheka. Mamangu akanigeukia. "Sasa wanacheka nini? Si jirani huyo?" Nikamwambia ameingia bila ruhusa, akafungua friji. "Ana njaa," akasema mamangu. Kwake hapakuwa na mzaha wowote, palikuwa na nyumba moja nzuri ambayo mtu mwenye njaa anajua pa kwenda. Kilichomshangaza yeye ni kwamba hakusema hodi, lakini kwa vile si mgeni akamsamehe.

Vichekesho vyetu vinafanya kinyume. Mgeni anabisha hodi sawasawa, ila amebisha wakati sufuria inateremshwa. Hapo ndipo watu wanapoanza kujikunja kwa kicheko kabla hajaingia. Maana wote tunaijua ile ngoma: mwenye nyumba lazima aseme "karibu chakula" ijapokuwa pana vipande vitatu vya samaki na watu watano, na mgeni lazima aseme "ahsante, nimetoka kula sasa hivi" ijapokuwa tumbo linanguruma. Wote wanasema uongo, wote wanajua, na hakuna anayemuona mwenziwe mwongo. Sisi watu wa pwani tunakuita huku kusitiriana. Kichekesho kinamleta mgeni anayesema "haya, ahsante," akavuta kiti, akanawa mikono.

Mwanafunzi akiandika hapa kwamba jamii yetu inathamini ukarimu, nampa nusu ya alama. Ukarimu upo, lakini kinachochekesha ni sitara iliyopasuka, kwa kuwa mgeni kayachukua maneno kama yalivyo. Nikitazama vichekesho vyetu vingi, vya Nairobi na vya Dar, naona vinarudi hapohapo: watu wanasitiriana, akatokea mmoja asiyejua au asiyetaka kusitiri. Shirandula naye ni sitara.

Bwanangu ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga, na kwao vichekesho vina baba yao: King Majuto, jina lake Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018. Filamu zake tulizitazama kwa DVD zilizokwaruzika, mashine ikinata katikati ya neno. Majuto aliigiza mzee bahili, mroho, mwenye macho kwa vibinti. Jiulize kwa nini hilo linachekesha kwetu kuliko kijana bahili. Mzee ndiye anayetakiwa kutoa, kusuluhisha, kukaa kimya wengine wakigombana. Ukimpa yeye uroho, kila anayemtazama anacheka na papo hapo anamkumbuka mzee mmoja wa ukoo wake ambaye hawezi kumtaja. Na aliyekuwa akiigiza naye mara nyingi, Sharo Milionea, kijana wa hukohuko Muheza aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, alikuwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: kijana asiye na kitu anayetembea na kuongea kama tajiri. Mzee anaficha alichonacho, kijana anaficha asichonacho. Weka hilo kwenye daftari.

Sikiliza ulimi, lakini taratibu

Hapa wanafunzi hukosea sana, nami nilikosea.

Mzee Ojwang' wa Vitimbi aliongea Kiswahili cha Kijaluo kizito, na mkewe Mama Kayai vivyo hivyo. Kwenye Vioja Mahakamani, cha KBC vilevile, Ondiek Nyuka Kwota alisimama kizimbani na ulimi uleule. Ni rahisi kuandika kwamba Wakenya wanawacheka Wajaluo, ukafunga daftari. Sasa angalia majina ya waigizaji. Mzee Ojwang' alikuwa Benson Wanjau. Ondiek alikuwa Hiram Mungai. Hayo ni majina ya Kikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, jina la Kiluhya. Wajaluo waliopendwa kuliko wote kwenye runinga ya Kenya, si Wajaluo kwa kuzaliwa. Na Wajaluo wenyewe waliokuwa wakija kwetu kutazama, wa kutoka karakana ya jirani, ndio waliocheka kwa sauti ya juu zaidi, halafu wanasahihisha: "Hapana, sisi hatusemi hivyo, tunasema hivi."

Kwa hiyo usiandike lafudhi gani inachekwa tu. Andika nani anaiigiza, mwenye lafudhi yuko chumbani au hayuko, na mhusika huyo ni mjinga au ni mjanja. Ojwang' alikuwa anaanguka na kuinuka, hakuwa mjinga. Mahakamani washtakiwa walimjibu hakimu mwenye Kiswahili safi kwa Kiswahili kilichovunjika, na mara nyingi kicheko kilikuwa chao. Kwangu hilo linasema mengi juu ya wananchi na dola kuliko juu ya kabila lolote.

Ila kuna wakati wa kila kitu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mizaha hiyohiyo ilibadilika ladha mdomoni. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, yenye adhabu kwa matamshi ya chuki, lakini hata kabla ya sheria watu walikuwa wameshaanza kuangaliana sebuleni kwanza, nani yuko, ndipo wacheke. Andika tarehe ya kipindi unachokitazama. Mzaha usio na tarehe utakudanganya.

Upande wa Tanzania hali ni nyingine, na sikuielewa mpaka nilipomzika mama mkwe. Tumekaa msibani, mimi mgeni wa Mombasa nimejifunika kanga mpaka machoni. Akaingia mama mmoja mnene, kajifunga kanga ya marehemu, kashika fimbo ya marehemu, anachechemea kama alivyokuwa akichechemea marehemu, anafoka kwa sauti yake: "Nani kala muhogo wangu? Mmenizika na njaa, mashetani nyie!" Nikadhani kapandwa na wazimu, nikatazamia atolewe. Watu wakaangua kicheko. Shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka machozi yakabadilika maana. Yule mama alikuwa mtani, mtu wa kabila lenye desturi ya kutaniana na kabila la marehemu. Hakuna aliyeweza kumkasirikia, na hakutoka mpaka alipopewa chochote.

Wazaramo na Wanyamwezi wana utani, Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali karne ya 19, wana utani. Basi unapomuona kwenye Mizengwe, kichekesho cha ITV ya Tanzania, mhusika anaitwa Mkwere, yaani mtu wa kabila la Wakwere, na jina lenyewe tu linaleta tabasamu, usikimbilie kuita ubaguzi. Kuna ruhusa ya zamani nyuma yake: nakucheka kwa kuwa siku ya msiba wako mimi ndiye nitakayechimba kaburi. Mtu wa nje anaona kejeli. Aliye ndani anaona deni. Swali la kuandika kwenye daftari ni hili: huyu anayecheka, ana wajibu gani kwa anayechekwa? Ukikosa wajibu wowote, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Andika kisichochekwa

Hatua hii ni ngumu kwa kuwa unatafuta kisichokuwepo. Njia ninayowapa wanafunzi ni kuandika orodha ya wote wenye nguvu juu ya maisha yao: rais, chifu, mwalimu mkuu, mchungaji au imamu, baba, mama, Mungu. Kisha weka alama kila anapochekwa.

Katika Vitimbi ya utoto wangu rais hakuwepo kabisa. Hata kivuli chake. Mwishoni mwa miaka ya 90 wakatokea vijana watatu wa kikundi cha vichekesho cha Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakamuigiza Rais Moi, sauti na fimbo na yote. Babangu alizima runinga. Akakaa kidogo, akaiwasha tena, akapunguza sauti, akaenda kufunga dirisha. Akacheka kwa pua. Kufikia 2009, The XYZ Show ya mchoraji Gado ilikuwa na vikaragosi vya mpira vya viongozi wote, na hakuna aliyefunga dirisha.

Hapo utatofautisha hofu na heshima. Kilichokuwa hakichekwi kwa hofu, hofu ikiondoka kinachekwa kesho yake asubuhi. Kilichobaki hakichekwi hata baada ya madirisha kufunguliwa, hicho kiweke nyota. Kwetu rais anachekwa sasa. Mchungaji anachekwa sana, hasa wa kuuza miujiza, lakini Mungu hachekwi. Baba anachekwa tangu enzi za Ojwang'. Mama mkwe anachekwa. Mama mzazi, mama yako wewe uliyekaa hapo, jaribu kumtafuta kwenye daftari lako. Mamangu alipoona orodha hiyo aliridhika sana, ikabidi nimkumbushe kwamba yeye pia ni mama mkwe wa mtu.

Kabla hujaamini

Kichekesho kina mwenye duka. Kimeandikwa na vijana wachache wa mjini, kimelipiwa na sabuni na mafuta ya kupikia, na kinajua nani ananunua sabuni. Kwa hiyo yako mambo utakayoyaona ambayo ni ya mwenye duka zaidi kuliko ya jamii.

Na yako mambo ambayo jamii yenyewe haitaki kuyaona. Kwenye nyumba ya Papa Shirandula kuna Awinja, msichana wa kazi, aliyeigizwa na Jacky Vike. Tulimpenda. Nilikuwa nimelitumia somo la Shirandula miaka mitatu kabla sijagutuka: bawabu ameajiri mtu! Mshahara wa bawabu unagawanywa kumlipa mwingine ili uongo usimame, na sisi wote, walimu na wanafunzi, tulikuwa tukihesabu aibu ya Papa bila kuhesabu mshahara wa Awinja. Mwanafunzi aliyenigutusha alikuwa msichana wa nyuma, hasemi. Aliandika tu: "Mwalimu, Awinja analala wapi?" Nilirudi kwenye vipindi kutafuta jibu. Zima sauti, nilikuwa nimewaambia. Mimi mwenyewe sikuwa nimemfuata kwa macho.

Jaza nafasi mbili

Mwishoni, usiandike insha. Andika sentensi moja yenye nafasi mbili:

Katika jamii hii, ___ hatakiwi kuonekana ___ mbele ya ___.

Najua, ni tatu. Niliianza na mbili, miaka ikaongeza moja, na jina likabaki. Kwa Shirandula: baba hatakiwi kuonekana mdogo mbele ya mkewe na wakwe. Kwa Hyacinth: mke hatakiwi kuonekana katoka uchochoroni mbele ya majirani. Kwa Majuto: mzee hatakiwi kuonekana na uchu mbele ya wajukuu. Sentensi ikiingia bila kulazimishwa, na ukiipeleka kwenye kipindi kingine cha kichekesho hichohicho ikaingia tena, umekipata. Ikiingia mara moja tu, ulichopata ni mzaha.

Kisha itoe runingani uipeleke nyumbani. Nikimaliza somo nawaambia wanafunzi wajaze sentensi hiyo kwa nyumba yao, bila kuandika jina. Wengi huandika juu yetu sisi walimu, na ya bwanangu, aliyekuwa akisahihisha nami mezani usiku mmoja, ilikuwa kwamba mwalimu wa Kiswahili hatakiwi kuonekana akiandika ujumbe kwa vifupi mbele ya mumewe. Muhula uliopita karatasi moja ilikunjwa mara nne. Ilisema: "Mtoto hatakiwi kuonekana ana njaa mbele ya wageni." Sikuweka maoni yoyote pembeni. Niliandika kumi juu ya kumi, nikaikunja vilevile mara nne.